Gemu iliyojizima kila bomu lilipolipuka: uchambuzi wa kisa kimoja

Usuli

Kisa hiki ni cha mashine ndogo ya gemu ya kushika mkononi, Dar es Salaam, kati ya Aprili na Septemba 2024. Nimekiandika kwa ridhaa ya waliohusika, nikaondoa majina, mtaa na chochote cha kuwatambulisha. Aliyejenga nitamwita Fundi: kijana wa miaka ishirini na kitu, fundi simu mwenye meza yake kwenye baraza la duka la mtu, mkono mwepesi wa kulehemu vitu vidogo. Aliyeagiza nitamwita Mzee. Mimi niliingia wiki ya sita mambo yakiwa yameshaharibika, kwa hiyo ya mwanzo nayaeleza nilivyosimuliwa na nilivyoyasoma kwenye daftari la Fundi. Hapo nimsifu mapema: anaandika. Bila lile daftari la mistari lililojaa alama za chai, nisingekuwa na cha kuchambua.

Mzee ana mjukuu wa miaka tisa aliyekuwa akiinyakua simu ya babu kila jioni. Bando likiisha ni babu, tangazo likibonyezwa salio likakatwa ni babu. Siku moja akasimama mezani kwa Fundi akasema: "Mwanangu, nitengenezee kitu cha gemu tu. Kisiwe na laini, kisiwe na intaneti, kisiwe na mambo mengine."

Fundi alimweleza ukweli kwamba mashine ndogo za gemu zilizotengenezwa tayari zipo Kariakoo, tena kwa bei ya chini kuliko ya kujenga. Mzee alishanunua moja. Ilikufa ndani ya mwezi na kila fundi aliyeonyeshwa alitikisa kichwa. "Hiki kikiharibika nitakuletea wewe," alisema. Sababu hiyo ni nzuri kuliko inavyoonekana, na nitairudia.

Walikubaliana shilingi 280,000, nusu mkononi na nusu siku ya kukabidhi. Mzigo uwe tayari kabla shule hazijafungwa Juni. Hakuna kilichoandikwa zaidi ya kiasi na tarehe.

Vifaa na hesabu ya mwanzo

Moyo wa mashine ulikuwa Raspberry Pi Zero 2 W, kompyuta ya bodi moja yenye urefu wa milimita 65 na upana wa 30, iliyotoka Oktoba 2021 kwa bei ya dola 15. Ina prosesa ya kori nne na memori ya megabaiti 512. Kwa gemu za zamani hiyo inatosha na chenji inabaki. Zero ya kwanza, ile ya 2015, ingekuwa ya bei rahisi zaidi lakini ina kori moja, na gemu nzito kidogo huikwamisha. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Mpaka bodi imfikie mkononi, Fundi alikuwa ametoa 95,000.

Kioo kilikuwa cha inchi 2.8, pikseli 320 kwa 240, chenye chipu ya ILI9341, kwa 35,000. Memori kadi ya gigabaiti 32 ilikuwa 18,000. Moduli tatu ndogo, yaani TP4056 ya kuchaji, MT3608 ya kupandisha volti za betri hadi 5, na amplifaya ya PAM8403, zote pamoja zilikuwa 17,000. Batani, waya, swichi na boksi vilikula 15,000. Spika ilitoka kwenye tableti iliyokufa. Betri mbili za 18650, zile za lithiamu za umbo la silinda, zilitoka kwenye betri ya laptopu iliyotupwa, kwa hiyo kwenye daftari zimeandikwa "bure".

Jumla 180,000, na faida ya laki moja. Neno "bure" lilikuja kumgharimu.

Boksi lenyewe lilikuwa wazo ninalolipenda. Badala ya kutafuta mwenye printa ya kuchapa plastiki, Fundi alichukua boksi jeupe la soketi pacha, lile la inchi 3 kwa 6 ambalo mafundi umeme hulifunga ukutani. Ni plastiki ngumu, lina mahali pa skrubu tayari, na mfuniko mtupu wa saizi yake unauzwa duka lolote la vifaa vya umeme. Plastiki ya PLA inayotumiwa sana kwenye printa hizo huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi. Iache kwenye dashibodi ya gari la Dar saa nane mchana uone.

Siku kumi nzuri

Jioni ya kwanza Fundi aliiunganisha bodi na televisheni kwa HDMI, akaipa umeme wa chaja ya simu, na gemu zikacheza. Kwenye daftari aliandika: "Imemaliza 70%."

Kioo kilimpa siku mbili za shida. Kiliwaka cheupe tu, bila picha. Cheupe maana yake taa ya nyuma inawaka lakini data haifiki, au inafika kwa lugha kisichoielewa. Alikagua waya mara nne, na waya hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba alipakua toleo jipya la mfumo, ambalo njia yake ya kushughulikia picha imebadilika, wakati programu aliyoitegemea kunakili picha kwenda kwenye kioo, fbcp-ili9341, inataka njia ya zamani. Aliporudi kwenye RetroPie 4.8, mfumo wa kuchezea gemu za zamani, toleo la Machi 2022 lililojengwa juu ya mfumo wa zamani zaidi, kioo kikafunguka.

Kwa anayetaka kujenga, inafaa kujua kwa nini programu hiyo ni muhimu. Picha moja kamili ya kioo hiki ni pikseli 76,800, kila moja biti 16, jumla biti 1,228,800. Data inapita kwenye waya mmoja, biti kwa biti. Ukiendesha waya huo kwa megahezi 32 unapata picha kama 26 kwa sekunde, na kwa gemu ya kurukaruka macho yanaona. Programu hiyo hutuma pikseli zilizobadilika tu. Mandhari yakisimama tuli na mtu mmoja akikimbia, data inayosafiri ni kidogo, na gemu inateleza vizuri.

Batani zilikwenda bila maneno. Kila batani ilikaa kati ya pini moja ya bodi na ardhi, yaani upande wa hasi, mstari mmoja kwenye faili la mipangilio kwa kila batani. Kufikia siku ya kumi kila kitu kilicheza mezani, kwa umeme wa chaja ya ukutani.

Wiki tatu za kubahatisha

Betri ilipoingia ndipo yalipoanza. Mashine iliwaka, ikacheza dakika thelathini, arobaini, kisha ghafla ikajiwasha upya. Mara nyingine ilirudi sawa, mara nyingine iligoma kabisa na kujaza kioo maandishi ya makosa.

Nayafuata maamuzi ya Fundi kwa mpangilio wake, maana kila moja lilikuwa na sababu.

Kwanza alishuku memori kadi. Maandishi ya makosa yalitaja kadi waziwazi: imeshindwa kusoma, imeshindwa kuandika. Akanunua nyingine, 18,000. Ilidumu siku tatu. Akanunua ya tatu, ya bei hiyohiyo kutoka duka jingine, akiamini la kwanza limemuuzia feki. Nilipozikagua baadaye kwenye laptopu, kadi zote mbili "zilizokufa" zilikuwa nzima. Faili ndizo zilizovurugika, kwa sababu umeme ulikatika katikati ya kuandika.

Pili aliuliza kama umeme unatosha. Hili ni swali sahihi, na ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu alikuwa mlangoni. Alisoma kwamba Raspberry Pi huonyesha alama ya radi pembeni mwa kioo volti zikishuka chini ya 4.63, na kwamba kuna amri ya kuuliza mfumo kama umewahi kupungukiwa. Hakuona radi. Aliandika amri, jibu likaja sifuri. Kwenye daftari: "Umeme OK (0x0)." Akafunga ukurasa huo.

Bodi zote za Raspberry Pi tangu B+ ya 2014 zina kifaa hicho cha kuhisi volti ndogo, isipokuwa familia ya Zero. Zero 2 W haina. Radi isingetokea hata betri ingekuwa inakata roho. Kwenye bodi kubwa ile sifuri ingemaanisha salama. Kwenye Zero ilimaanisha hakuna aliyekuwa akiangalia.

Tatu, baada ya kuiondolea betri lawama, alirudi kwenye programu. Akafuta mfumo akausimika upya mara tano. Akapunguza kasi ya prosesa, akaondoa gemu nzito. Kila badiliko lilionekana kusaidia kwa siku moja. Ukitazama tarehe unaona sababu: kila siku ya kusimika upya mashine ilikuwa kwenye chaja ya ukutani muda mrefu, na betri ilikuwa imejaa jioni ile.

Nne, mwanzoni mwa wiki ya tano, alifikiria kupandisha volti kidogo kutoka 5.0 hadi 5.2. Moduli ya MT3608 ina skrubu ndogo ya shaba ya kurekebishia, na inaweza kutoa hadi volti 28. Skrubu yake ni ya mizunguko mingi, na kwa zile za bei rahisi unaweza kuzungusha nusu duara kitu kisibadilike, ukaongeza kidogo, namba zikaruka. Aliirekebisha bodi ikiwa imeunganishwa. Akazungusha, kimya. Akazungusha tena. Kioo kikazimika na harufu ikaja. Bodi ilikufa, amplifaya ilikufa, kioo kilipona kwa bahati.

Akanunua bodi ya pili kwa pesa yake na hakuthubutu kuiwasha. Ndipo aliponipigia.

Jioni ya mita

Nilifika baada ya magharibi na mita ya kawaida tu, ila yenye batani ya MIN, inayoshika kiwango cha chini kabisa ilichokiona.

"Ulipima wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye kutoka kwa moduli, kaka. Tano nukta sifuri mbili."

"Gemu ikiwa inacheza?"

Akanyamaza. Alipima moduli ikiwa peke yake, haina mzigo. Hata betri ya rimoti iliyochoka husoma vizuri ikiwa haifanyi kazi.

Kwanza tuliirekebisha moduli bila bodi, kisha tukatia tone la gundi kwenye skrubu. Halafu tukafanya jaribio ambalo lingeokoa wiki tatu: tukaing'oa betri na mnyororo wake wote, tukaunganisha pawa benki nzuri moja kwa moja kwenye bodi. Gemu ya ndege za vita, sauti mwisho, nusu saa. Haikutikisika. Kadi ileile, mfumo uleule, gemu zilezile. Fundi alitazama kioo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Tukarudisha betri zake. Nikaweka ncha za mita kwenye pini ya 2 na ya 6 za bodi yenyewe, yaani pale volti 5 zinapoingilia, nikabonyeza MIN, nikampa mashine acheze. Ilikaa 4.7, 4.6. Ikaja sehemu ambapo meli kubwa inalipuka: kioo kinang'aa cheupe chote, spika inanguruma. Mashine ikajiwasha upya. Mita ilikuwa imeshika 3.31.

Kwa volti 3.31 kwenye mlango wa kuingilia, ile njia ya ndani ya volti 3.3 inayolisha memori kadi haiwezi kusimama. Ndiyo maana kadi ilikuwa ya kwanza kulalamika, na ndiyo maana ilisingiziwa.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo kiini cha kisa. Moduli ya kupandisha volti haitengenezi umeme. Ikitoa volti 5 kwa ampea 1 wakati wa mlipuko, hizo ni wati 5. Kwa ufanisi wa asilimia 85 inahitaji kuvuta karibu wati 5.9 kutoka kwenye betri, na kwa kuwa betri ni volti tatu na kitu, ampea za upande wa betri ni nyingi kuliko za upande wa bodi. Watu wengi husahau hapo: waya mwembamba kabisa wanauweka upande unaobeba mzigo mkubwa kabisa.

Tulipima njia nzima kutoka ndani ya betri hadi mlangoni kwa moduli: betri zenyewe zilizochoka, waya uliotoka kwenye hedifoni, na swichi ndogo ya kuteleza isiyofaa hata nusu ampea. Jumla ya ukinzani ilikuwa karibu nusu omu. Nusu omu haionekani kitu. Lakini volti zikianguka njiani, moduli huvuta ampea zaidi kufidia, na ampea zaidi huangusha volti zaidi. Betri ikiwa 3.6, njia ya nusu omu inaweza kupitisha wati 6.5 kwa juu kabisa, kwa hiyo 5.9 inapita ikihema. Betri ikishuka hadi 3.3, kiwango cha juu kinakuwa wati 5.4. Wati 5.9 hazipo. Hazipatikani kwa kusimika mfumo upya wala kwa kukaza skrubu. Hapo ndipo dakika arobaini zilipotoka: ni muda ambao betri zile zilichukua kushuka hadi pale ambapo bomu moja linatosha.

Ujenzi wa pili

Betri za laptopu tuliziacha. Moja ilipata joto ikichajiwa, na betri ya lithiamu inayopata joto kwa kuchajiwa taratibu haipewi nafasi ya pili, hasa kwenye kitu kitakacholala karibu na mto wa mtoto. Fundi alinunua mbili mpya kwa 24,000, zikafungwa sambamba. Alitaka kulehemu moja kwa moja kwenye ncha za betri na nikamkataza, maana joto la chuma linaua betri ndani. Tulitumia vile vibati vyembamba ambavyo betri mpya zilikuja navyo.

Waya za upande wa betri zilibadilishwa zote kwa waya mnene. Karibu na bodi tuliweka kapasita ya mikrofaradi 1,000, kifaa kinachotunza umeme kidogo kwa muda mfupi, imeze mishtuko mifupi. Amplifaya ilipewa waya wake kutoka kwenye moduli badala ya kunywea kwenye bodi, na mlio mwembamba uliokuwa ukisikika nyuma ya muziki ukapungua kwa mkupuo huohuo. Hilo hatukulitegemea.

Swichi ilituchukua muda wa kubishana. TP4056 haijui kutenganisha kuchaji na kutumia: mtoto akicheza huku imechomekwa, chaja haiwezi kujua betri imejaa lini. Fundi alipendekeza kubandika karatasi: USICHEZE UKICHAJI. Nikamuuliza mtoto wa miaka tisa gani anasoma karatasi. Tukaweka swichi ya miguu sita ya ampea 3. Upande mmoja inaunganisha mlango wa chaja na kukata gemu, upande wa pili inaunganisha gemu na kukata mlango wa chaja. Zote mbili kwa pamoja haiwezekani.

Tatizo la kuzima ghafla lilibaki. Tuliweka batani ya kuzima kwa adabu kwenye pini ya GPIO 3, ambayo ina faida kwamba bodi ikiwa imelala, batani hiyohiyo huiamsha. Nilijua mtoto ataipuuza na kutumia swichi kubwa, na Fundi alijua vilevile. Kwa hiyo moja ya zile kadi zilizosingiziwa kufa ilijazwa nakala kamili ya mfumo na kukabidhiwa Mzee ndani ya bahasha. Ikivurugika, unachomoa, unachomeka.

Kuhusu gemu, Fundi alikuwa anataka kununua kadi iliyojazwa "gemu elfu kumi". Nilimshauri aache, kwa sababu zile ni kazi za watu zilizonakiliwa bila ruhusa, naye anauza, hachezi nyumbani kwake. Zipo za kutosha ambazo wenyewe wamezitoa bure: Cave Story aliyoitoa Daisuke Amaya mwaka 2004, Tobu Tobu Girl, Dinothawr, na TIC-80 ambayo mtoto akikua anaweza kutengenezea gemu zake mwenyewe.

Matokeo

Mashine ilikabidhiwa katikati ya Juni, likizo ikiwa imeshaanza. Kwa jaribio letu ilicheza saa tano na dakika kadhaa, sauti ya kati, bila kujiwasha upya hata mara moja. Wakati wa mlipuko uleule, MIN ilisoma 4.91.

Kwa mfuko wa Fundi hadithi ni nyingine. Juu ya 180,000 za mwanzo iliongezeka bodi ya pili 95,000, kadi mbili 36,000, betri 24,000, na amplifaya na swichi 6,000. Jumla 341,000 kwa kazi ya 280,000. Alipoteza 61,000 na wiki za kazi ambazo hakuzihesabu. Mzee alipotajiwa kwamba gharama imepanda alimpa nusu iliyobaki na soda. Hakuwa na kosa: makubaliano yalikuwa makubaliano.

Kitu kingine hakikuwa sawa, nacho kilionekana mtoto alipoishika. Boksi lina upana wa karibu milimita 146 na unene wa ngumi. Fundi alipanga batani kwa mikono yake. Vidole gumba vya mtoto havikufika, akaiweka mapajani na kucheza kwa vidole vya shahada, kama anayepiga kinanda. Anacheza hivyo mpaka leo. Hakuna aliyefikiria kumwita mtoto mezani hata siku moja, na nyumba yao haifiki mita mia.

Uchambuzi

Vilivyofanya kazi havihitaji maneno mengi. Bodi ilichaguliwa vizuri, boksi la soketi lilikuwa uamuzi bora kuliko wangu ambao ungekuwa wa kuchapa plastiki, na daftari liliwezesha kila kitu kilichofuata.

Kilichoshindwa kwanza ni mpangilio wa ujenzi. Fundi alianza na kinachopendeza, picha na gemu, akaacha betri mwisho kama mtu anayejenga nyumba akaja kuuliza maji yatapita wapi baada ya kupaka rangi. Mashine ya mkononi ni betri yenye kioo. Gunpei Yokoi na wenzake wa Nintendo walilielewa hili walipotoa Game Boy mwaka 1989: kioo cha pikseli 160 kwa 144 kisicho na rangi wala taa, kwa betri nne ndogo. Walichekwa. Washindani waliokuja na rangi na taa ya nyuma walikula betri sita kwa saa chache. Fundi angeanza kwa kujumlisha wati za kila kifaa, hata kwa makadirio, angejua siku ya kwanza kwamba swichi ile na waya wa hedifoni haviwezi.

La pili ni la uchunguzi. Wiki tatu zote alitafuta kosa pale ambapo palikuwa na maandishi. Kioo kilisema kadi, akanunua kadi. Simlaumu sana, kwa sababu kwenye simu, ambako ndiko kazi yake iliko, chipu nzima imejengwa kusimamia betri na simu huwa inasema kweli kuhusu chaji yake. Kwenye mashine uliyoijenga mwenyewe hakuna aliyewekwa kusema kweli hiyo. Jaribio la pawa benki lingemtenganishia upande wa umeme na upande wa programu kwa nusu saa. Badala yake alibadilisha vitu viwili vitatu kwa pamoja, na kila usiku alilala akiamini kimoja kimetibu.

Ile sifuri ya 0x0 naitenga peke yake. Jibu lilikuwa la kweli na swali lilikuwa sahihi, ila kifaa kilichoulizwa hakikuwa na macho. Nami niseme: kama ningeulizwa kwa simu wiki ya tatu, huenda ningemwambia aandike amri ileile, na ningeridhika na sifuri ileile. Habari ya kwamba Zero haihisi volti niliijua kwa kuumia miaka miwili kabla, kwenye kamera ya mlangoni.

Kuunguza bodi ya kwanza ndilo kosa pekee la kiufundi lisilo na utetezi. Hurekebishi moduli ya kupandisha volti ikiwa imefungwa kwenye kitu unachokithamini. Lakini hata hilo lilizaliwa na uchovu: mtu aliyesimika mfumo mara tano haendi kutafuta mita, anazungusha skrubu.

Na bei. Shilingi 280,000 zilitajwa kabla ya kujenga hata moja. Bei ya kitu cha kwanza haijulikani, na ilibidi Mzee aambiwe hivyo, kwamba hii ni ya kujifunzia, tugawane hatari. Fundi aliona haya kusema hajawahi kujenga. Nimemwambia, na sina hakika amekubali, kwamba Mzee asingeondoka. Alikuwa ameshasema anachonunua: mtu wa kumletea kikiharibika. Kwa kipimo hicho mauzo yalifanikiwa kabisa.

Septemba ilirudi. Batani A ilikuwa inazama na hairudi. Nilikuwa pale kwa jambo langu, nikamtazama Fundi akifungua skrubu mbili za mfuniko. Hakugusa batani. Alichukua mita, akaweka ncha kwenye pini ya 2 na ya 6, akawasha gemu ya ndege na kusubiri bomu. 4.89. Akaandika kwenye daftari, halafu ndipo akaichokonoa batani kwa sindano. Zilitoka chembe za sukari.